"Shangazi, mama wa kwaya yangu wanashuka kwenye mi. Au ni masikio yangu?"

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni kijana wa miaka 28, mwalimu wa kwaya ya kigango kimoja huku Dodoma vijijini. Nilisomea muziki Dar: kinanda, nota, solfa (ile do, re, mi), kupanga sauti nne. Niliporudi nyumbani nilikuta kwaya ya mama wengi wa makamo, bibi kadhaa, vijana wachache na besi wawili, mmoja wao katekista. Watu walifurahi sana kwamba sasa tumepata mwalimu aliyesomea.

Tatizo ni kwamba mama zetu wanaimba nje ya ufunguo. Nikiwapa do kwenye kinanda wanaipokea vizuri. Wakifika mi wanashuka kidogo. Wakifika ta, yaani ti iliyoshushwa nusu sauti, wanashuka kabisa, mpaka meno yananiuma. Fa na ti ndiyo balaa: ama wanaziruka, ama wanaziimba kama mtu anayekanyaga miiba. Nimewafanyisha mazoezi jioni baada ya jioni, nimewapigia sauti moja moja, nimewagombeza, Mungu anisamehe. Wanaitika "ndiyo mwalimu", halafu wanarudia vilevile. Kinachonichanganya ni kwamba umeme ukikatika na kinanda kikazimika, wanaungana wote kama mtu mmoja na kanisa zima linasisimka.

Mwaka huu tuliingia studio mjini. Prodyuza alisafisha sauti zote kwa programu yake, kila mtu akakaa kwenye ufunguo. Mzee wetu mpiga ilimba, ile marimba yetu ya vyuma inayopigwa kwa vidole gumba, aliambiwa atoe vile vipete vya bati kwenye vyuma kwa sababu vinaleta kelele kwenye maiki. Mzee alivitoa kimya kimya, akavitia mfukoni, akapiga, akaondoka. Tulipowasikilizisha mama kazi iliyokamilika, hakuna aliyeshangilia. Bibi yangu mzaa mama, ambaye ndiye huanzisha nyimbo zetu nyingi, aliuliza tu: "Hawa ni akina nani?" Tangu siku hiyo haji mazoezini. Anasema miguu inamuuma, lakini kisimani anakwenda.

Binamu yangu yuko chuo kikuu. Ananiambia nina kasumba ya kikoloni masikioni. Ametuma kwenye grupu la familia "Mwacha asili ni mtumwa", na anataka niache kinanda, solfa na nyimbo za kitabu, tupige ngoma ya muheme tupu. Mwenyekiti wa kwaya naye anashikilia kwamba ngoma na ilimba ni mambo ya upagani, tubaki na kinanda.

Sasa la aibu, Shangazi. Nikiwekewa nyimbo za zamani za Kigogo kwenye simu simalizi dakika tano. Zinanichosha, na mkono unataka kurekebisha. Na mimi ni Mgogo! Je, masikio yangu yameharibika? Yanatibika? Na hii albamu, ambayo inatakiwa itoke kabla ya Krismasi, niifanyeje?

Mwalimu wa Kwaya, Dodoma

*

Marahaba mwanangu, na mbukwa.

Bibi yako haumwi miguu, hilo unalijua. Kwake nitarudi. Kwanza tushike hiyo mi, maana umeniandikia majibu ukidhani unaniandikia malalamiko.

Mtu asiyejua kuimba hukosea ovyo. Leo anapanda, kesho anashuka, huyu anapotea kwenye ubeti wa kwanza na yule kwenye kiitikio. Kundi zima la mama likishuka mahali palepale, kwa kiasi kilekile, Jumapili baada ya Jumapili, na kuungana pale umeme unapokatika, hapo kuna kitu wanakifuata. Kazi yako kama mwalimu ilikuwa kuuliza wanafuata nini.

Tafuta gitaa. Piga uzi ule mnene wa juu, E, bila kubonyeza kitu. Unadhani umesikia sauti moja, lakini ndani ya uzi huohuo zimo nyingine nyembamba zimepangana kwenda juu. Uzi ukitetemeka mara 100 kwa sekunde, ndani yake mna 200, 300, 400, na kuendelea. Ukiugusa kwa ncha ya kidole, kugusa tu bila kuukandamiza, na ukapata mahali penyewe, unaweza kuzitoa moja moja. Sasa chukua kuanzia ya nne hadi ya tisa: 400, 500, 600, 700, 800, 900. Ziimbe kwa mfuatano. Utapata do, mi, so, ta, do ya juu, re.

Huo ndio mpangilio wa sauti ambao watafiti wameukuta kwa Wagogo. Gerhard Kubik wa Austria ameueleza, na Polo Vallejo, Mhispania aliyefanya kazi kwa miaka mingi na waimbaji wa Nzali huko kwenu Dodoma, ameuandikia kwa kirefu. Hebu utazame tena. Fa haimo. Ti haimo. Zile mbili ulizoniambia mama wanazikanyaga kama miiba ndizo ambazo muziki waliokua nao hauna.

Na hizo mi na ta? Wapimaji wa sauti huigawa oktava nzima katika senti 1,200, yaani senti 100 kwa kila nusu sauti ya kinanda chako. Mi ya kinanda iko senti 400 juu ya do. Mi ya kwenye uzi iko senti 386. Ta ya kinanda iko senti 1,000. Ya kwenye uzi iko 969. Tofauti ni senti 14 kwa mi na senti 31 kwa ta. Wewe umeandika "wanashuka kidogo" kwa mi na "wanashuka kabisa" kwa ta. Mwanangu, una sikio zuri sana. Limepima bila chombo chochote, likapata jibu sahihi. Palipoharibika ni kwenye hukumu, pale ulipoamua kwamba kinanda ndicho shahidi na mama ndio washtakiwa.

Usiniamini mimi, jaribu mwenyewe. Kwenye uzi huo wa E, sauti ya saba inakaa kati ya freti ya pili na ya tatu, karibu zaidi na ya tatu. Sogeza kidole polepole mpaka ilie kama filimbi. Kisha piga D kwenye kinanda. Zitagombana, na gitaa ndilo litakuwa chini. Mwite mama mmoja anayeaminika, mpe E ya uzi huohuo iwe do yake, mwambie aimbe ta, usikilize anaangukia upande gani.

Sisemi kwamba kila koo pale kigangoni linalenga senti 969 kama mashine. Sauti ya mtu hucheza, na wapo waliochoka na shamba, wenye mafua, na yule mama mmoja (kila kwaya anaye) ambaye anaimba lake tu na Mungu anamwelewa. Lakini hao unawatambua: wanapotea peke yao na kila siku kivyao. Wanaopotea kwa pamoja waache, wako nyumbani kwao.

Sasa kinanda. Hakikushuka mlimani na amri za Musa. Kugawa oktava vipande 12 vilivyo sawasawa ni mapatano ya mafundi wa Ulaya, ili ala moja ipigwe kwa ufunguo wowote bila kufungwa upya kila mara. Ni mapatano ya akili na yamezaa muziki mkubwa. Gharama yake ni kwamba karibu kila sauti ilibidi isogezwe kidogo kutoka mahali ambapo uzi wenyewe ungeiweka, na mi ni mojawapo ya zilizosogezwa sana. Hata ile A mnayofungia ala zenu haina ukongwe wowote: Ufaransa iliiweka mitetemo 435 kwa sekunde kwa sheria mwaka 1859, na 440 tunayoitumia leo ilikubaliwa kwenye mkutano wa London mwaka 1939. Kama bibi yako amevuka miaka 80, basi hiyo 440 unayomhukumia ni rika la kaka yake.

Umewapima mama zako maziwa kwa rula, mwanangu. Rula haina kosa, na maziwa hayana kosa.

Hapa ndipo binamu yako ana sehemu ya haki, na nataka nimpe haki yake kabla sijamgusa. Kasumba ipo. Mwalimu Nyerere aliisema waziwazi alipolihutubia Bunge tarehe 10 Desemba 1962, siku aliyotangaza wizara mpya ya utamaduni: kwamba wengi tumejifunza rumba, chachacha na twisti, lakini ni wangapi wanaoweza kucheza, au hata wamewahi kusikia, Gombe Sugu, Mangala, Kiduo au Lelemama? Swali hilo bado liko mezani. Ila tangu siku hiyo tumezoea kulijibu kwa kubadilisha kinachochezwa. Toa rumba, weka ngoma, tumejikomboa. Ngoma zikapandishwa jukwaani, zikakatwa zitoshe dakika chache kabla ya hotuba, wachezaji wakashonewa sare, zikapelekwa uwanja wa ndege kupokea wageni wa serikali. Mgeni mwenyewe anatazama saa. Ngoma ni yetu, lakini usikilizaji ule ni wa nani?

Ninavyoona mimi, kilichokaliwa na mkoloni kuliko vingine ni kile kiti cha mtahini. Chuoni ulifundishwa kusikiliza ukiwa umekikalia: unatafuta kosa, unatoa alama, unasahihisha. Ni ujuzi halali kwa mtu anayefundisha sauti nne. Lakini umekifanya ndicho kiti chako pekee, umekibeba mpaka kijijini, na kila anayefungua mdomo mbele yako anakuwa mtahiniwa, hata aliyekubeba mgongoni. Ukitupa kinanda leo na kupiga muheme mtupu kama binamu anavyotaka, huku bado umekalia kiti hicho, utaanza kuwasahihisha mama kwenye muheme. Ninawajua walimu wanaofanya hivyo, tena kwa jina la asili.

Ndiyo maana nyimbo za zamani humalizi dakika tano. Hata mimi ningechoka nikiziketia kwenye kiti na simu mkononi. Nyingi kati ya rekodi hizo zilitengenezwa na watu waliokuwa wakipita. Hugh Tracey, Mwingereza aliyeishi Afrika Kusini, alizunguka Tanganyika mwaka 1950 na mashine zake, na kazi yake tunaishukuru, maana nyumba nyingi zisingekuwa na sauti ya babu yao bila yeye. Lakini sahani za santuri za wakati ule zilibeba kama dakika tatu kila upande. Wimbo ambao kijijini ungekwenda mpaka watu watosheke ulianzishwa, ukapewa ishara, ukakoma. Waliotakiwa kuitikia hawamo, na waliokuwa wakicheza wamebaki vumbi lisilosikika. Wewe unasikiliza sehemu ya mwanzishaji peke yake ukingoja kitu kitokee, na kilichotakiwa kutokea ni wewe kuitikia.

Kwa hiyo dawa ya masikio uliyoniomba ndiyo hiyo, na haiuzwi. Nenda mahali wanapoimba, msibani, kwenye mavuno, nyumbani kwa mama mmoja jioni, uombe sehemu ndogo kuliko zote. Ile ya kuitikia, yenye maneno mawili. Iimbe usiku mzima bila kuandika nota na bila kurekodi. Mwanzoni utaona ni kitu kimoja kinajirudia. Baadaye utaanza kusikia kwamba mwenzako wa kushoto hajaimba sauti yako: ameruka moja kwenye ngazi ileile, yuko juu yako, na wa kulia yuko chini yako, na hakuna aliyewapangia. Hiyo ndiyo sauti nne yenu. Ilikuwapo kabla ya soprano na alto kufika Dodoma, na Wagogo wanajulikana kwayo mbali sana kuliko unavyodhani. Watu hupanda ndege kuja kuisikia.

Binamu sasa. Muulize kwa upole: amewahi kufika mazoezini hata mara moja? Nyimbo za kitabu anazotaka uzitupe, bibi yako ameziimba tangu ubatizo wake. Amebembelezea watoto, amefungishia harusi, ameshushia watu kaburini. Kumwambia leo kwamba si zake ni kumtawala mara ya pili. Na solfa isilaumiwe ovyo. Ilianzia kwa mwalimu mmoja wa kike wa Norwich, Sarah Glover, ikaenezwa na mchungaji John Curwen katika karne ya 19 kwa ajili ya watu wa kawaida wa Uingereza wasio na ala wala nota. Do yake inahama, haihitaji kinanda, na kwaya ikiimba kwa solfa bila ala inaweza kukaa kwenye mi yoyote inayopendeza. Enoch Sontonga, mwalimu wa shule huko Johannesburg, alitunga kwa solfa mwaka 1897 wimbo wa Nkosi Sikelel' iAfrika, ulioimbwa enzi za ukoloni hadi ukoloni wenyewe ukachoka. Sauti yake ndiyo tunayoimbia Mungu Ibariki Afrika. Binamu anasimama kwa heshima wimbo huo ukipigwa, sivyo? Basi na atulie.

Kuna moja jingine la kumuuliza. Muheme anaotaka upigwe kanisani ni ngoma ya wanawake. Wao ndio huzipiga, wamezibana katikati ya mapaja, na asili yake imefungamana na mambo ya unyago. Je, amewauliza wenyewe? Zipo nyimbo ambazo mama watasema "hizi zinafaa altareni", zipo watakazosema "hizi kwa harusi tu", na zipo ambazo mwanamume kama wewe hutakiwi hata kujua maneno yake, sembuse kuzipandisha mtandaoni. Kusikiliza vizuri ni pamoja na kukubali kutosikia baadhi ya mambo. Hilo chuoni halifundishwi, na ninaona hata wapenzi wa asili hawalipendi.

Mwenyekiti hana shida kubwa. Mfungulie Katiba ya Liturujia ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano, ya tarehe 4 Desemba 1963, namba 119. Pale Kanisa linasema kwamba kuna watu, hasa katika nchi za misioni, wenye mapokeo yao ya muziki yenye nafasi kubwa katika maisha yao ya dini na ya jamii, na kwamba muziki huo upewe heshima na nafasi inayostahili katika ibada. Mwaka huohuo Padre Stephen Mbunga, Mtanzania mwenzetu, alikuwa tayari ametoa kitabu kizima kuhusu sheria za Kanisa na muziki wa Kibantu. Miaka zaidi ya 60 imepita. Mwenyekiti anabishana na Roma, na katekista wako wa besi anaweza kumwambia hivyo kwa adabu kuliko wewe.

Vipete vya mzee vimenikera kuliko vyote. Ule mlio wa "zzz" juu ya sauti ya ilimba umetengenezwa kwa makusudi, tena kwa kazi. Mafundi huvisha vyuma vipete vya bati au waya, na wengine hutoboa ubao wa ilimba na kuziba tundu kwa utando mweupe wa mayai ya buibui, ili kila sauti itoke na mvumo wake. Kuviondoa ni kama kumwambia mpiga gitaa la umeme azime amplifaya kwa sababu inabadilisha sauti ya nyuzi. Na wala si kwamba ilimba haibadiliki. Hukwe Zawose, Mgogo aliyefundisha Bagamoyo na kupiga kwenye majukwaa ya dunia mpaka alipofariki mwaka 2003, aliongeza vyuma vya ilimba zake kupita alivyovikuta kwa wazee. Yeye aliamua nini kiongezwe. Mzee wako aliamuliwa. Mfuate, umsalimie, umwombe avirudishe, na siku ya kurekodi usogeze maiki.

Bibi. Usiende na hotuba ya kuomba radhi, atakuhurumia na hutajifunza kitu. Mwombe prodyuza faili ghafi, zile za kabla ya kusafishwa. Anazo, na kama alishazifuta basi mtarekodi upya hata hivyo. Nenda nazo jioni na spika ndogo. Mchezeshee wimbo mmoja ghafi, kisha uleule uliosafishwa, halafu unyamaze. Akianza kusema pale panapofaa na pale palipopwaya, usimjibu kwa solfa. Muulize: "Hapa ungetaka tuanzie wapi?" Akianza kuimba, hiyo ndiyo do yenu. Ipate kwenye simu baadaye, si mbele yake. Atarudi mazoezini kwa miguu yake mwenyewe, na tayarisha kiti kizuri.

Albamu ya Krismasi itoke, ila usiitoe ilivyo. Nyimbo za kitabu zilizotungwa kwa sauti nne za kinanda ziache na kinanda chake, mama wanazijua na wanazipenda. Hapo fa na ti wafundishe kwa subira kama mtu anavyofundishwa lugha ya pili, na vijana wazishike zaidi. Zile zenye asili ya Kigogo rekodi bila kinanda: do ya bibi, ilimba, makofi. Kwenye jalada na kwenye maelezo ya video yaandikwe majina ya waanzishaji na ya mzee wa ilimba, na mapato, yakija, mkubaliane mapema na mbele ya watu, kabla hata senti ya kwanza haijaingia kwenye simu ya mtu.

Ukitaka kinanda kiambatane na hizo za Kigogo, kuna njia, na wapiga kinanda wa nyimbo za Kiarabu wanaijua siku nyingi. Vinanda vingi vya kisasa vina sehemu ya kurekebisha sauti moja moja. Do ikiwa C, shusha E senti 14, shusha B bemoli senti 31, pandisha G senti 2 na D senti 4. Usiguse F wala B, hutazihitaji. Ukihamia do ya G, marekebisho yahamie pia: B ishuke 14, F ishuke 31, D ipande 2, A ipande 4, na zile za kwanza uzirudishe zilipokuwa, la sivyo utawaletea mama fujo mpya waitwe tena wabaya wa sauti.

Na prodyuza mwambie kabla hajawasha mashine: ile programu ya kunyoosha sauti, ambayo tangu 1997 imewanyoosha wengi kutoka Marekani mpaka kwenye bongo fleva, kazi yake ni kumvuta kila mwimbaji hadi kwenye nusu sauti ya kinanda iliyo karibu naye. Ta ya bibi ikiwa 969, itavutwa hadi 1,000, na mi yake kutoka 386 hadi 400. Ndiyo maana hakuwatambua. Aizime kwa nyimbo za Kigogo, zote. Akisema kazi haitauzika, mwambie hiyo iliyonyooshwa nayo haijauzwa bado.

Shangazi